Sauti ya Kabula

Hapo zamani, na sisemi zamani za fisi kulipa mahari, nasema zamani za juzi tu, wengine wenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mwanamke mjini Tabora aliyeitwa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa na mume, mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya Kigoma. Mume akafa. Nyamizi alikuwa na binti mmoja, Kabula. Kabula naye akafa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na homa iliyomchukua ilianza Jumatatu ikamaliza kazi yake Alhamisi. Nyamizi akabaki na nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, kibaraza kikitazama barabara. Nyumba hiyo, na kimya chake.

Picha ya Kabula haikuwapo. Ilikuwapo moja, ya shule, mchwa wakaila pamoja na fremu yake.

Kilichobaki kilikuwa mashine ya gemu. Mnazijua zile za kizamani, za kuchomeka kwenye runinga, kifuniko cha kijivu na pedi mbili za kuchezea? Hiyo. Baba yake Kabula alipewa na abiria aliyekuwa akihama nchi na mizigo imemzidi. Mashine ile ilikuwa na sikio dogo ubavuni. Mchezaji mpya aliambiwa atamke jina lake, nayo ikayashika maneno yake, na kila ilipowashwa ikayarudisha kwa sauti yake mwenyewe. Kabula alikuwa ametamka hivi: "Kabula yupo. Nani anakuja?"

Maneno manne. Basi.

Kwa miaka kumi na sita, kila Jumapili akitoka kanisani, Nyamizi alivua viatu, akawasha mashine, akasikiliza maneno manne, akazima. Hakucheza. Hata kucheza hakujua.

Jumapili moja akawasha, kioo kikawa cheusi. Akazima, akawasha. Kimya. Akaipiga kofi la upole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Kimya.

Jumatatu asubuhi akaifunga kwenye kanga, akampelekea Shigela.

Shigela alikuwa fundi wa redio na simu pembeni mwa soko. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mikono myepesi, maneno mepesi. Wiki ile mama yake alikuwa amelazwa hospitali, tumbo limemvimba, na Shigela alikuwa akifanya kazi huku roho yake iko wodini.

"Iache hapa mama," alisema. "Jioni njoo uichukue."

Hakuuliza ndani kuna nini. Nyamizi naye hakusema.

Shigela akaifungua. Akakuta betri ndogo imechomelewa ubaoni, imevuja, na maji yake yameacha ukoko wa kijani. Pembeni ya betri, kifaa kimoja kimevimba kama kupe. Akasema moyoni, mwizi ni huyu kupe. Akachukua chuma chake cha kulehemu, kile kikubwa cha kazi za spika za harusi, akakiweka kwenye mguu wa kifaa, akavuta. Hakikutoka. Akaongeza moto, akavuta tena. Hakikutoka. Akavuta kama mtu anayeng'oa msumari.

Kikatoka. Na vidoti viwili vya shaba vikatoka nacho.

Sasa nisikilizeni hapa, maana wengine hamjawahi kuona tumbo la mashine. Kila kifaa kinasimama juu ya vidoti vya shaba vilivyogandishwa ubaoni, vyembamba kama ganda la kitunguu. Lehemu inaushika mguu, kidoti kinaushika ubao. Kidoti kikichunika, mguu hauna pa kukanyaga, na njia ya umeme imekatika. Lehemu unanunua dukani. Kidoti hakuna anayekuuzia.

Shigela akaangalia. Akaona na vidoti vya betri navyo vimeshaliwa, betri imebaki inaning'inia kama jino la mtoto. Akarudishia kifuniko. Akafunga skrubu zote nne.

Wapo mafundi, na nyinyi mnawajua, ambao wangesema, pole mama, ilikuwa imeshakufa. Shigela aliyabeba maneno hayo mdomoni njia nzima hadi kwenye kibaraza cha Nyamizi. Alipofika, yakamwishia.

"Mama," alisema, "mashine yako ilikuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyeiua."

Nyamizi hakupiga kelele. Alimweleza ndani kuna nini. Alimweleza taratibu, kama anavyomweleza mgeni njia. Shigela akakaa chini, sakafuni, hapo hapo mlangoni.

"Mimi mwenyewe siku zangu si nyingi," Nyamizi alisema. Miguu yake ilikuwa imejaa maji. Daktari alikuwa ameshamwambia moyo umechoka. "Sina ndugu, sina mtoto. Waambie mafundi wenzako. Atakayenirudishia sauti ya mwanangu, huyo ndiye mwanangu. Nyumba hii yake, msiba wangu wake."

Neno likatoka kibarazani, likaenda sokoni, likaenda stesheni.

Shigela akaenda kwa Bibi Leokadia.

Bibi Leokadia alikuwa amestaafu reli. Miaka thelathini alitengeneza mitambo ya ishara, ile inayomwambia dereva wa treni njia iko wazi au haiko wazi. Alikuwa anamzidi Nyamizi miaka mitatu tu. Hakuolewa. Aliishi chumba kimoja cha kupanga, kitanda upande huu, vyuma vyake upande huu. Watu walisema ana mikono ya dhahabu na ulimi wa siki.

Akaitazama mashine kwa kioo cha kukuzia. Akaitazama muda mrefu.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi, bibi."

"Ulikuwa unang'oa muhogo?"

Shigela akainamisha kichwa.

"Sauti bado imo," Bibi Leokadia alisema. "Imo kwenye hiki kidude cheusi. Betri hii ndiyo inayokilisha. Ikiacha kukilisha kwa muda wa kufumba na kufumbua, sauti imekwenda, na hapo hata malaika harudishi. Lakini betri hii hii inavuja, na maji yake yanakula shaba. Tukiiacha, sauti inakufa. Tukiitoa, sauti inakufa."

"Sasa?"

"Sasa mtu akilishe kwa betri nyingine, kwa sindano mbili, mkononi, wakati mimi natoa hii. Miguu ya kidude imeliwa, imebaki kama unywele. Kibanio kitaikata. Moto utaikata. Ni mkono wa mtu tu. Na asitikisike mpaka nimalize."

"Nitashika mimi," Shigela alisema.

"Kuna jambo la pili. Vidoti ulivyovichuna, na vile vilivyoliwa, lazima nivipate vizima. Na kile kifaa kilichovimba hakiuzwi tena. Vyote viko kwenye mashine ya aina hii hii, si nyingine."

Mashine ya aina hiyo mjini ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Msabila.

Msabila alikuwa na banda la gemu karibu na stendi. Mashine mpya zilikuwa mezani, vijana wakipigana makofi ya mabega. Ile ya kizamani ilikuwa rafuni juu, imefunikwa kitambaa, haichezwi. Alikuwa mwanaume mnene, mpole, mjane wa miaka minne. Walipomweleza, aliinuka. Akapanda kwenye stuli, akaishusha, akapangusa vumbi kwa kiwiko.

"Ukitoa unavyotaka," Msabila alimwuliza Bibi Leokadia, "kumbukumbu yake itabaki?"

"Haitabaki. Nitaichuna yote. Kwani kuna kitu ndani?"

"Magoli ya watoto tu," Msabila alisema. "Chukua."

Kazi ilifanyika Alhamisi, nyumbani kwa Nyamizi, kwenye meza chini ya dirisha, maana chumbani kwa Bibi Leokadia mwanga haukutosha. Saa mbili asubuhi Shigela aliingia akitoka hospitali. Mama yake alikuwa amekunywa uji nusu kikombe na kumwuliza kama amekula. Akanawa mikono, akakaa. Bibi Leokadia akampa sindano mbili zilizofungwa nyaya, na nyaya zinakwenda kwenye betri mpya. Akamwongoza kwa kioo, kidogo, kidogo, mpaka ncha zikagusa miguu miwili ya kidude.

"Hapo. Umekuwa jiwe."

"Nimekuwa jiwe, bibi."

Bibi Leokadia akaitoa betri iliyovuja. Akasafisha ukoko kwa siki. Akakwangua kwa wembe mpaka shaba safi ikaonekana kama nyama chini ya kidonda. Akaigeukia mashine ya Msabila, akaitoa betri yake, akaking'oa kile kifaa, kisha akavichuna vidoti, kimoja kimoja, kwa ncha ya kisu na pumzi yake ameishika. Msabila alisimama nyuma yake akitazama. Betri yake ilipotoka, alitoka nje akakaa kibarazani, akarudi. Hakuna aliyemwuliza.

Vidoti vikawa saba. Vikagandishwa kwa gundi ya kuchanganya. Gundi ile haina haraka.

"Ikauke mpaka saa tisa," Bibi Leokadia alisema. "Nikiweka moto kabla, vitaogelea, na vingine hatuna."

Saa tano, Shigela mabega yanatetemeka. Msabila akamfuta jasho. Saa sita, vidole vimekuwa vyeupe. Nyamizi akamnywesha maji kwa kijiko. Saa saba, dada yake Shigela akaingia bila kubisha hodi, kanga imemvuka kichwani.

"Shigela, twende. Mama anakuita."

"Amesemaje?"

"Anakuita wewe. Jina lako tu. Daktari kasema usichelewe."

Shigela akayainua macho. Mikono haikwenda popote.

"Nipe mimi nishike, ndugu yangu," Msabila alisema. Akavuta kiti.

"Hapana," Bibi Leokadia alisema. "Mikono ikibadilishana, sindano itacheza. Ikicheza, basi."

"Bibi, mama yake anakufa!"

"Nimesikia. Mimi nawaambia habari za sindano. Habari za mama yake anajua mwenyewe."

Shigela akamgeukia Nyamizi. Alimtazama tu, kama mtoto anayetazama mlango umefungwa.

Jamaa zangu, neno moja lilitosha. Nenda. Nyamizi alikuwa nalo. Lilipanda mpaka kooni. Akaangalia mashine, akaangalia sakafu, akakunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja. Hakulisema.

"Dada," Shigela alisema, "mwambie nakuja. Mwambie nimeshika kitu cha mtu."

Dada yake akamtazama kama asiyemjua. Akatoka mbio.

Saa nane ikapita. Saa tisa ikafika. Bibi Leokadia akagusa gundi kwa ukucha, akawasha chuma chake chembamba, akaisimamisha miguu ya vifaa juu ya vidoti, mguu mmoja, lehemu tone moja, akapuliza, mguu mwingine. Akaweka betri mpya. Akapima.

"Achia."

Shigela hakuweza kuachia. Vidole vilikuwa vimekufa vikiwa vimebana. Msabila alivifungua kimoja kimoja. Kisha Shigela akasimama, akaanguka, akasimama, akakimbia barabarani bila viatu.

Mama yake alikuwa amekata roho saa nane na robo.

Kule kwa Nyamizi, Bibi Leokadia akafunga skrubu nne, akachomeka waya kwenye runinga, akampisha mwenyewe. Nyamizi akabonyeza. Kioo kikatetemeka, kikawa buluu.

"Kabula yupo. Nani anakuja?"

Nyamizi akasema, "Washa tena." Msabila akazima, akawasha. "Washa tena." Akawasha mara sita. Mara ya saba Nyamizi akajifunika uso kwa kanga, na sauti iliyotoka ndani ya kanga ile haikuwa ya furaha, haikuwa ya huzuni. Majirani walikuja wakidhani amepata habari ya msiba.

Walikuwa wamekosea nyumba. Msiba ulikuwa kwa kina Shigela.

Wakamzika mama yake Shigela Ijumaa. Nyamizi alikwenda, amebebwa kwenye baiskeli kwa ajili ya miguu. Dada yake Shigela hakupokea mkono wake.

Matanga yalipokwisha, Nyamizi akawaita watatu. Kwa sababu ahadi ni ahadi, na miguu yake sasa ilikuwa imevimba mpaka magotini. Akakaa kitandani, amewekewa mito mgongoni.

"Nyumba ni moja," alisema. "Mtoto ni mmoja. Kila mtu aseme, nisikie."

Bibi Leokadia akaanza.

"Mimi sikulia na sikufiwa. Mimi nilifanya kazi. Vidoti saba, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi, na leo hata ukikigonga kwa nyundo hakitoki. Mjini hapa hakuna mwingine. Wachukue hao wawili wote na machozi yao, uwaweke mbele ya ule ubao bila mimi: una nini? Una mashine mbili mbovu. Ulisema atakayekurudishia sauti. Hukusema atakayeumia. Ni mimi niliyeirudisha. Tena miaka yote nimelala chumba cha kupanga. Nisemayo ni hayo."

Shigela akamgeukia. Alikuwa amekonda.

"Bibi, nikuulize kitu. Siku ile, tungeweza kubadilishana mikono?"

Bibi Leokadia alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mwongo.

"Labda," alisema. "Mkono wa Msabila ni mzito, lakini labda. Nilikuwa nimeshafika mbali na kazi. Sikutaka kujaribu."

Nje mtu alikuwa akiuza mkaa, akiita.

"Sema na wewe," Nyamizi alimwambia Shigela.

"Mama, mimi sijui kama nadai au naungama. Mashine niliiharibu mimi. Hilo nalijua, na ungeninyima kwa hilo ningenyamaza. Lakini muda wa saa saba na nusu..." Akahesabu kwa vidole, viwili kati yake havikunjiki tena sawasawa tangu siku ile. "Toka saa mbili mpaka saa tisa na nusu nilishika. Ningeachia, ungekuwa huna kitu. Mama yangu aliita jina langu. Dada anasema aliita mpaka akawa anaita bila sauti, midomo tu. Sikumzika vizuri, maana aliyemzika ni mtu aliyekataa kuja. Nyumbani siitwi tena. Sauti ya Kabula ipo kwa sababu sauti ya mama yangu sikuisikia. Ulisema atakayeirudisha ni mtoto wako. Mimi sina mama tena, mama. Kama si wewe, ni nani?"

"Ulinitazama," Nyamizi alisema.

"Nilikutazama."

"Nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Kwa nini hukuachia, Shigela? Ni kwa ajili yangu, au uliona aibu ya kuharibu mara ya pili?"

"Sijui," alisema. "Kila siku najiuliza. Sijui."

Ikabaki zamu ya Msabila. Alikuwa amekaa kwenye gunia la mahindi, maana viti vilikuwa viwili.

"Mimi nilitaka nisiseme," alisema. "Nilimdanganya bibi hapa. Aliniuliza kama kuna kitu ndani ya mashine yangu, nikamwambia magoli ya watoto. Hayakuwa magoli. Ndani mlikuwa na mke wangu. Siku tunafungua banda alijirekodi, anacheka, anasema, 'Msabila, leo nakufunga.' Ndiyo yote. Naye picha ninazo, lakini picha haicheki. Mama Kabula, kila kidoti kilichoko kwenye mashine yako kimetoka chini ya miguu ya mke wangu. Nilisimama nikaona betri inatoka."

Nyamizi akashika kifua. "Kwa nini hukusema, baba? Ningekataa!"

"Ndiyo maana sikusema."

"Ungeniachia mimi nichague!"

"Ungechagua ukakosa. Wewe hukuwa na kingine."

Bibi Leokadia, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akasema, "Uliiwasha lini mara ya mwisho, hiyo mashine yako?"

Msabila akatazama mikono yake.

"Toka tumemzika, sijaiwasha."

"Miaka minne?"

"Miaka minne. Niliogopa. Nikipita chini ya ile rafu nilikuwa nainamisha kichwa."

"Basi ulitoa hazina," Bibi Leokadia alisema, "au ulitua mzigo?"

"Vyote viwili, bibi. Lakini sasa hivi, nikiamka asubuhi, nataka kuiwasha. Na haipo."

Nyamizi akafumba macho. Waliona kope zake zinacheza. Akasema, "Jumapili, baada ya misa, nitataja jina mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nendeni mkalale."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Ijumaa pumzi ikambana. Wakampeleka hospitali wote watatu, Msabila ameshika kichwa, Shigela ameshika miguu, Bibi Leokadia anatangulia kufungua milango na kugombana na manesi. Jumamosi mchana Nyamizi akamwita nesi, akamwambia, "Niandikie jina." Nesi akaenda kutafuta kalamu. Aliporudi, Nyamizi alikuwa anatazama dari, na hakuwa anaiona.

Wakamwosha, wakamvika. Mwenyekiti wa mtaa akauliza wenye msiba ni nani. Watu wakatazamana. Msabila alitoa mchele, Shigela alichimba kaburi pamoja na vijana, mikono ile ile, Bibi Leokadia alikaa kichwani pa maiti usiku mzima akifukuza nzi na kumkemea kila aliyeongea upuuzi. Nyumbani, mashine ilikuwa juu ya meza chini ya dirisha. Hakuna aliyethubutu kuiwasha, maana ilikuwa bado haijajulikana ni ya nani.

Makaburini, katekista akasoma, akafunga kitabu. Jeneza likashuka. Akachota udongo kwenye sahani, akanyoosha mkono, akasema kama wanavyosema siku zote:

"Mtoto wa marehemu aje aweke udongo wa kwanza."

Bibi Leokadia akapiga hatua mbele.

Shigela akapiga hatua mbele.

Msabila akapiga hatua mbele.

Wakasimama watatu ukingoni, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake. Katekista akabaki na sahani mkononi. Upepo ukawa unauchukua ule udongo, punje kwa punje.

Wapo waliosema apewe Bibi Leokadia, kwa kuwa ahadi ilikuwa ya kazi na kazi ni yake. Wengine wakawajibu, mtu aliyemnyima mwenzake mama yake atakuwaje mtoto wa mama? Wapo waliosema Shigela. Wakajibiwa, mtu avunje mtungi, auunge, kisha adai zawadi ya mtungi? Wapo waliosema Msabila. Wakaulizwa, zawadi iliyotolewa kwa uongo, na mtu asiyeithamini mpaka ilipopotea, ni zawadi? Na bibi mmoja nyuma kabisa akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo aliye kaburini naye alikuwa na neno lake, akalimeza, na pengine hakustahili mtoto yeyote.

Mimi nilikuwapo. Niliona sahani ikizidi kuwa nyepesi. Nanyi mmesikia yote niliyoyasikia, sikuwaficha hata moja. Basi katekista anangoja, na jua linawachoma.

Je, udongo wa kwanza alistahili kuuweka nani?